Ukikatwa Mtama Ubaoni

Kwenye drafti ya kijiweni, ile ya vizibo vya soda na ubao uliochorwa kwa makaa, kula si hiari. Kete ya mwenzako ikikaa mbele yako na nyumba iliyo nyuma yake ikawa tupu, unakula, upende usipende. Ndiyo maana fundi wa drafti hushinda kwa kutoa. Anakusogezea kete moja, sheria inakulazimisha kuila, halafu anazoa zako tatu kwa mkupuo mmoja na kuingia kingi huku watazamaji wakikucheka.

Wengi wetu tuliingia kwenye chesi tukitokea huko, na tulikuja na mkono ule ule. Tukiona kitunda cha bure, vidole vinakwenda vyenyewe. Tunasahau kwamba kwenye ubao huu kula ni hiari yako, na kwamba hata ulichokwisha kula unaweza kukirudisha, tena kwa wakati unaouchagua wewe.

Hilo nililipia ada. Jumamosi moja, kwenye mashindano madogo ya dakika kumi na tano kwa kila mchezaji, nilipangiwa kijana wa kidato cha tatu aliyekuja na begi lake la shule mgongoni. Yeye alikuwa na kete nyeupe, mimi nyeusi. Kabla sijaeleza kilichonipata, neno kwa asiyezoea maandishi ya mchezo huu: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi. Kitunda, ambacho vijana wengi hukiita poni, hakina herufi. Hutajwa kwa nyumba yake tu. Alama ya x ni kula, + ni cheki, na 0-0 ni mfalme kujificha pembeni huku ngome ikimruka. Weka ubao mbele yako, tuende pamoja.

1. e4 e5 2. d4 exd4 3. c3 dxc3 4. Bc4 cxb2 5. Bxb2. Kijana alitoa vitunda vitatu, akachukua kimoja. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Nikaendelea kula: 5... Bb4+ 6. Nc3 Nf6 7. Ne2 Nxe4 8. 0-0 Nxc3 9. Nxc3 Bxc3 10. Bxc3 0-0. Nilikuwa nimemzidi vitunda vitatu, na mfalme wangu, kwa nilivyodhani, ameshaingia ndani na mlango umefungwa.

11. Qg4. Malkia wake alitua akitishia kumaliza kazi pale g7. Nikasogeza kitunda g6 kumzuia. Kijana hakufikiri hata sekunde tano: 12. Qd4. Malkia na askofu wa c3 wakawa wanaangalia mshazari mmoja, ule unaoishia h8, nyumba ya jirani na mfalme wangu. Nilinyoosha mkono nizibe kwa kitunda f6, mwamuzi akatikisa kichwa. Askofu wa c4 alikuwa amekibana kitunda changu cha f7. Kukisogeza ni kumwacha mfalme kwenye cheki, na sheria haikubali. Nilimpa kijana mkono. Chai niliyoagiza ilikuwa bado haijaletwa.

Usiku nilikaa na karatasi yangu ya hatua nikihesabu, na hesabu ile ndiyo iliyonifundisha kuliko kitabu chochote. Kabla ya pigo la malkia nilikuwa nimecheza hatua kumi. Nne zilikuwa za kitunda kimoja, kilichotoka e5 kikala hadi b2. Tatu za farasi mmoja. Mbili za askofu mmoja. Moja ya kumficha mfalme. Na hao watatu walioufanya mwendo wote, yaani kitunda, farasi na askofu, wote walikuwa wameshaliwa. Waliobaki upande wangu walikuwa walalaji: ngome ya a8, farasi wa b8, askofu wa c8, malkia wa d8, kila mmoja kwenye nyumba aliyozaliwa. Vitunda vyangu vitatu vya ziada vilikuwa vinalinda nini?

Hiyo ndiyo biashara ya gambiti. Mwenzako anauza vitunda na kununua muda. Walimu wa zamani walikuwa wakikadiria kwamba kitunda kimoja ni sawa na hatua tatu. Si kipimo cha dukani, lakini kinasaidia: ukila kitunda na kikakugharimu hatua nne, umeuziwa ghali.

Neno lenyewe linasema kweli. Linatokana na Kiitaliano, gambetto, kutoka neno la mguu, na maana yake ni kumtega mtu mguu mkiwa mnapigana mieleka. Padre Ruy López wa Hispania alilitumia kwenye kitabu chake cha mwaka 1561. Sisi tuna neno la kitendo hicho hicho: kukata mtama. Na yeyote aliyewahi kukatwa mtama anajua kwamba anayeanguka vibaya ni yule aliyekuja kwa kasi, mikono imejaa. Aliyesimama miguu imetanuka huyumba kidogo tu, basi.

Gambiti iliyoniangusha inaitwa ya Denmark, kwa sababu ya Martin Severin From, mchezaji wa nchi hiyo aliyeitumia kwenye mashindano ya Paris mwaka 1867. Kwa miaka mingi ilikuwa tishio. Ukiutazama ubao baada ya hatua ya tano utaelewa: maaskofu wawili wa Nyeupe wamekaa b2 na c4 kama mizinga miwili ya Fort Jesus, mmoja ameelekezwa g7, mwingine f7, na bandari wanayoilenga ni mfalme wako. Watu walijaribu kula na kushikilia, wakapigwa. Kisha ikapatikana dawa, nayo inapewa jina la Carl Schlechter wa Austria, mtu mpole aliyekaribia kuwa bingwa wa dunia: mwaka 1910 alicheza michezo kumi na Emanuel Lasker, wakatoka sare tano kwa tano, Lasker akabaki na taji lake.

Dawa ya Schlechter ni hatua moja. Baada ya 5. Bxb2, usile tena, usitoe cheki, usitoe farasi. Sukuma 5... d5.

Ndiyo, unatoa kitunda. Nyeupe haiwezi kukiacha, maana kinamkabili askofu uso kwa uso. Ikila kwa kitunda, 6. exd5, askofu wa c4 anazibiwa njia na kitunda chake mwenyewe. Wewe unatoa farasi f6, askofu d6, unajificha, na bado umezidi kitunda kimoja. Mzinga mmoja umenyamaza bila wewe kufyatua risasi.

Kwa hiyo wajuzi hula kwa askofu: 6. Bxd5. Hapo unajibu 6... Nf6, ukimshambulia, na Nyeupe inaona pigo zuri sana: 7. Bxf7+ Kxf7 8. Qxd8. Malkia wako ameliwa! Mara ya kwanza kuonyeshwa njia hii nilidhani anayenionyesha amekosea. Lakini tazama: 8... Bb4+. Askofu anatoka f8 kwa cheki, na kwa kutoka kwake anaifungulia njia ngome ya h8 hadi d8, alipo malkia wa Nyeupe. Mfalme yuko kwenye cheki; akikimbia au akizibiwa na farasi, malkia analiwa. Iliyobaki ni 9. Qd2 Bxd2+ 10. Nxd2.

Vuta pumzi, uhesabu. Malkia kwa malkia. Askofu kwa askofu. Vitunda vitano kwa vitano. Yule aliyekuja na mizinga miwili sasa ana askofu mmoja, hana malkia, na hana mtu wa kumvamia. Wewe una vitunda vitatu upande wa a, b na c dhidi ya kimoja chake, na huo ndio mtaji wako wa mwisho wa mchezo. Yeye ana vinne dhidi ya viwili upande ule mwingine, kwa hiyo usidhani umeshinda. Mchezo ni sawa kwa sawa. Ila fikiria ni nani kati yenu aliyefurahi. Mtu aliyechagua Gambiti ya Denmark hakuja kusukuma vitunda kwa saa mbili. Alikuja kuua. Umempa kazi ya ofisini.

Kutoka hapo sukuma c5, toa farasi c6, leta ngome e8. Mfalme wako aliyevutwa f7 usimwonee aibu; malkia wameondoka, na karibu na katikati ndipo anapohitajika. Jambo moja tu la kuchunga: farasi wa Nyeupe wanapenda kuingia e5 na g5 kwa cheki pamoja na kushambulia kitu kingine. Kabla ya kila hatua yako, tazama nyumba hizo mbili.

Pana kona moja zaidi ya hatari, nayo imewanasa watu waliojiona wameshamaliza somo. Baada ya 6... Nf6, Nyeupe ikiacha pigo la f7 na kucheza 7. Nc3, unaweza kumla askofu: 7... Nxd5 8. Nxd5. Sasa mkono utawasha kusukuma c6 kumfukuza farasi. Usithubutu. Farasi anaruka 9. Nf6+, ukimla kwa kitunda malkia wanaliwa pale d8, kisha askofu wa b2 anakula f6 kwa cheki, na ngome yako ya h8 inaliwa baada yake. Anza na 8... Nd7, f6 ikiwa na mlinzi, ndipo umuulize farasi maswali.

Lakini nikuulize, ndugu msomaji: una muda wa kukariri yote hayo kwa ajili ya ufunguzi utakaokutana nao mara tatu kwa mwaka? Mimi sina. Kwa mchezaji wa Jumamosi napendekeza njia fupi zaidi, ambayo haili hata kitunda cha pili. Inaanza kwenye hatua ya tatu.

1. e4 e5 2. d4 exd4 3. c3, na hapo hapo 3... d5.

Kitunda kile kile, nyumba ile ile, ila mapema. Kwa kawaida ni 4. exd5 Qxd5 5. cxd4. Mwalimu wa darasa la wanaoanza atasema umekosea kumtoa malkia mapema, atafukuzwa na farasi. Kwa kawaida angekuwa sahihi. Lakini malkia alipotua d5, nyumba ya c3, ambayo farasi angeitumia kumfukuza, ilikuwa imekaliwa na kitunda. Nyeupe imejizibia mlango wake. Na kitunda hicho kikishakula d4, wewe unacheza 5... Nc6 na tayari wawili wako wanakitazama. 6. Nf3 kukilinda, 6... Bg4 kumbana mlinzi. Farasi wa pili akitoka c3 sasa, askofu wako wa pili anakwenda b4 na kumbana naye.

Mfuatano huu una mchezo mmoja wa kuutazama hadi uukariri: Frank Marshall wa Marekani dhidi ya José Raúl Capablanca wa Kuba, huko Lake Hopatcong, New Jersey, mwaka 1926. Marshall alikuwa mmoja wa washambuliaji hodari kuliko wote wa zama zake. Capablanca, wakati huo bingwa wa dunia, alimjibu kama mtu anayekunja shuka: 7. Be2 Bb4+ 8. Nc3 Bxf3 9. Bxf3 Qc4. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ya kuitafuna taratibu. Malkia wa c4 ametazama f1 kupitia d3 na e2, kwa hiyo mfalme wa Nyeupe hawezi kujificha. Amekikodolea macho kitunda cha d4. Na yule farasi wa c3 bado amebanwa.

Nyeupe ikimtuma askofu e3 kukilinda kitunda, Nyeusi inakula c3 mara mbili, zote kwa cheki, na mfalme wa Nyeupe anahamia f1 kwa miguu. Ngome ya h1 inafungiwa ndani. Ikiwa Nyeupe ina hekima itabadilishana: 10. Bxc6+ bxc6 11. Qe2+ Qxe2+ 12. Kxe2, na hapo kitunda cha d4 kimebaki yatima katikati, vyako vya c vimepangana kimoja nyuma ya kingine, kila mmoja ana kidonda chake kidogo, mchezo sawa. Marshall alishindwa mchezo ule.

Faida nyingine ya 3... d5, na hii ndiyo iliyonishawishi: inakutibu magonjwa mawili. Gambiti ya Göring huanza 1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. d4 exd4 4. c3. Jibu 4... d5 5. exd5 Qxd5 6. cxd4 Bg4, na umefika kule kule alikokaa Capablanca. Mtu mwenye kazi, watoto na foleni za barabarani anahitaji dawa za aina hii.

Nimekaa sana Denmark. Niseme kwa nini: hatua ya d5 si ujanja wa ufunguzi mmoja, ni tabia. Ukiielewa pale, utaitambua ikija na sura nyingine.

Chukua Gambiti ya Evans, ya William Davies Evans, nahodha wa Wales aliyekuwa akiendesha meli za barua kati ya Milford Haven na Waterford, Ireland, katika miaka ya 1820. 1. e4 e5 2. Nf3 Nc6 3. Bc4 Bc5 4. b4 Bxb4 5. c3 Ba5 6. d4. Michezo mizuri kuliko yote ya karne ile ilichezwa humu, ukiwemo ule wa Anderssen na Dufresne, Berlin, 1852, ambao wapenzi wa chesi huuita wa kijani kibichi daima. Wala usidhani gambiti hii imezeeka: Kasparov alimtwanga nayo Anand mjini Riga mwaka 1995 katika hatua 25.

Jibu la Lasker, yule yule aliyetoka sare na Schlechter, ni 6... d6 7. 0-0 Bb6. Halionekani kama jibu. Askofu anarudi nyuma na kitunda cha e5 kinaachwa. Nyeupe ikikitaka, sawa: 8. dxe5 dxe5 9. Qxd8+ Nxd8 10. Nxe5 Be6. Vitunda sasa ni sawa. Malkia hawapo. Na vitunda vya Nyeupe vya a na c vimesimama mbali mbali, kila kimoja bila jirani, vinangoja kuvunwa polepole. Wachezaji wa Nyeupe walipoona hivyo waliacha kukichukua kitunda, na wengine siku hizi huanza na 7. Qb3 badala ya kumficha mfalme. Hapo linda f7 kwa 7... Qd7 na uendelee. Kazi itakuwa ngumu kidogo, lakini mfalme wako hayuko uchi.

Gambiti ya Mfalme, 1. e4 e5 2. f4, nitaipita haraka kwa sababu ina vitabu vyake. Bobby Fischer alipigwa nayo na Spassky huko Mar del Plata mwaka 1960, akakasirika, na mwaka uliofuata akaandika makala ya kutangaza kwamba ameivunja. Njia yake, 2... exf4 3. Nf3 d6, ni ya mtu anayetaka kukishika kitunda, na Fischer alikuwa na kumbukumbu ya kufanya hivyo. Sisi wengine tucheze 3... d5 4. exd5 Nf6, turudishe, tutoe kete. Umeiona d5 tena.

Sasa onyo kwa upande wa pili. Gambiti ya Malkia, ambayo wengi wameisikia kupitia ile tamthilia ya Netflix ya mwaka 2020, ina jina la gambiti lakini kitunda chake hakitolewi kweli. 1. d4 d5 2. c4 dxc4 3. e3. Anayetoka drafti anajiambia: nimekula, nitakilinda. 3... b5 4. a4 c6 5. axb5 cxb5, na sasa 6. Qf3. Malkia anaitazama ngome ya a8 kupitia mshazari ulio wazi kabisa, na hakuna namna ya kuiokoa bila kutoa kete kubwa: farasi au askofu. Mchezo umekwisha kwenye hatua ya sita kwa sababu ya kung'ang'ania kitunda ambacho mwenyewe hakukusudia kukipoteza. Kile unaweza kukila. Ukishakila, kiache, utoe farasi f6, ukajenge nyumba yako. Watakuja kukichukua, wapishe.

Msomaji makini atauliza: kama kurudisha ni kuzuri hivyo, nirudishe tu wakati wowote? Hapana. Kurudisha kwa woga ni kupoteza mara mbili. Unaporudisha kitunda lazima upewe kitu ambacho hukuwa nacho: malkia wabadilishwe, au mshazari wa askofu wake uzibwe, au kete yako iliyolala iamke bila kukugharimu hatua. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, kishike, ufikiri tena. Na zipo gambiti za aina nyingine kabisa. Ile ya Benko, 1. d4 Nf6 2. c4 c5 3. d5 b5, haiji kwa vurugu. Inakubana polepole: ngome mbili kwenye mistari ya a na b, askofu kwenye g7, na shinikizo lisilokwisha hata malkia wakiondoka. Kule kubadilishana malkia hakukusaidii, mara nyingi kunamsaidia yeye. Nayo nitaiandikia siku yake.

Pia kuna suala la saa. Gambiti nyingi ambazo mabingwa walishaziacha bado zinawaua watu kwenye michezo ya dakika tano, kwa sababu moja tu: anayeshambulia amekariri, anayejilinda anafikiri. Yeye ametumia sekunde ishirini kufika hatua ya nane, wewe dakika tatu. Hata ukiwa na nafasi nzuri, kipande cha mwisho utakicheza kwa kukimbia. Ndiyo maana nasisitiza jibu moja kwa kila gambiti, hata kama si bora kuliko yote, alimradi vidole vyako vinalijua. Jibu la pili kwa ubora ulilolizoea linashinda jibu la kwanza unalolitafuta kwenye kumbukumbu huku saa inadondoka.

Namna ya kulizoea si kusoma makala kama haya na kuyafunga. Chukua simu, fungua Lichess, ambayo ni ya bure, ucheze michezo kumi ya kirafiki ukiwa wewe ndiye mwenye kutoa gambiti. Nasema wewe ndiye unayetoa. Utaona mwenyewe ni jibu gani linakukera. Mimi nilipoichezea watu Gambiti ya Denmark, waliokula hadi b2 na kutoa cheki niliwapenda kama ndugu. Waliosukuma d5 waliniharibia jioni. Baada ya hapo geuza ubao. Kaa na rafiki, mwambie aanze kila mchezo kwa e4 na d4 bila kukuuliza, mrudie mara tano au sita mkibadilishana nani anajibu. Andika hatua zako kwa mkono kwenye daftari. Ukipigwa, usitafute kosa la hatua ya ishirini, tafuta kete zako ngapi zilikuwa bado zimelala kwenye hatua ya kumi.

Nilikutana na yule kijana tena, mwaka mmoja na ushei baadaye, akiwa amemaliza kidato cha nne na ndevu zimeanza kumtoka. Aliniamkia, akakaa, akasukuma e4, d4, c3 bila kuinua macho. Nikasukuma d5. Akainua macho. Mchezo ule ulikuwa sare ya hatua hamsini na kitu, wa kuchosha, hakuna mtazamaji aliyebaki. Siku hizi tukipangiwa hanichezei tena c3; anaanza na farasi f3, na mimi nimerudi shule upya.